Jinsi ya kutambua jiwe lililochongwa na watu wa kale, na lile lililovunjwa na maji, moto au jua

Huku kwetu mvua zikianza kukatika, mwezi wa nne kwenda wa tano, makorongo yanakuwa yameshakula kingo zake na mawe mapya yametokeza, na hapo ndo simu yangu inapoanza kujaa picha. Mmoja yupo Mafinga kaokota shambani, mwingine Tukuyu kaliona mtoni, mwingine Chunya kalitoa kwenye kifusi cha wachimbaji, na swali la wote ni hilohilo, hili jiwe ni la watu wa kale au ni jiwe tu? Nimeona niandike yote sehemu moja, kwasababu picha moja ya jiwe limelala kwenye kiganja hainiambii kitu, ila wewe mwenyewe ukiwa nalo mkononi na ukajua pa kuangalia unaweza kufika mbali sana.

Kitu cha kwanza, na ndo kikubwa kuliko vyote nitakavyosema hapa: acha kuangalia jiwe linafanana na nini. Watu wanaleta jiwe lenye umbo la shoka, la moyo, la unyayo wa mtoto, la kichwa cha ndege, na wana uhakika kabisa. Sasa fikiria kwenye korongo moja tu kuna mawe mangapi yamevunjika, maelfu kwa maelfu, ni lazima mengine yatoke na umbo linalofanana na kitu unachokijua. Umbo linadanganya. Swali la kujiuliza ni hili jiwe limepigwa wapi, limepigwa mara ngapi, na mapigo yametokea upande gani. Yaani unatafuta makovu, umbo utaliangalia mwisho.

Mimi hili sikulielewa kwenye kitabu, nililielewa kwa mama mmoja anayegonga kokoto pembeni ya barabara hapa Iringa. Siku hiyo nilisimama kununua, nikasema "kamwene mama", akaitika, akaendelea na kazi yake. Nikawa namwangalia. Anachukua jiwe, analigeuza, analigeuza tena, ndo anapiga. Nikamuuliza mbona haligongi tu moja kwa moja. Akanijibu, "Ukilipiga katikati unaumiza mkono bure mwanangu, linarudisha nyundo. Unatafuta hapa pembeni palipokaa kama ukingo wa meza, unapiga kwa ndani kidogo, linatoka lenyewe." Akapiga, kikatoka kibanzi kipana kama kiganja cha mtoto.

Nikakiokota kile kibanzi kikiwa bado kina vumbi jipya. Juu, pale nyundo ilipogusa, kuna sehemu ndogo bapa, upana kama kucha ya kidole gumba, na ndani yake alama nyeupe ya kusagika. Chini tu ya hapo, upande wa ndani ambao muda mfupi uliopita ulikuwa umeshikana na jiwe mama, kuna nundu, kiuvimbe kilaini ambacho ukipitisha kidole unakisikia kabla hujakiona. Kutoka kwenye ile nundu vinashuka viwimbi, kama maji ya dimbwi ukitupia kijiwe, vinatanuka mpaka mwisho wa kibanzi, na huko mwisho ukingo ni mwembamba na ni mkali kweli, ulinichana kidole. Alafu nikachukua jiwe lenyewe alilolipiga nikaona lina shimo linaloendana na ile nundu, kama chapa na muhuri wake. Kila kitu kinachofundishwa kuhusu zana za mawe kipo kwenye hicho kibanzi kimoja. Watu wa kale wa Isimila, sehemu yenye zana nyingi za mawe hapa karibu na Iringa, walifanya vilevile, jiwe kwa jiwe, badala ya nyundo ya chuma.

Kama huna pa kwenda kuangalia watu wakigonga kokoto, tafuta kitako kinene cha chupa iliyovunjika, uangalie pale ilipogongwa bila kushika makali. Kioo kinaonyesha vile viwimbi vizuri kuliko jiwe lolote. Ukishaviona kwenye kioo macho yako yanavizoea, ukienda kwenye mwamba mgumu wenye chembe ndogo ndogo utaviona, ukienda kwenye itale (graniti) yenye chembe kubwa utaviona kwa shida, lakini utajua unatafuta nini.

Sasa tuje kwenye jiwe lako. Lioshe kwa maji tu, usilisugue kwa brashi ya waya wala kuligonga "kuona ndani kukoje", ukishaligonga umeweka kovu lako juu ya makovu yao. Lishike kwenye mwanga wa asubuhi au wa jioni, jua likiwa chini, au kama ni usiku washa tochi ya simu uiweke pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya uso wa jiwe kwa mlalo. Jua la saa sita linafuta kila kitu, na ndo maana picha nyingi mnazonitumia sioni chochote.

Tafuta kwanza ile sehemu bapa ya pigo na nundu yake kama ulichonacho ni kibanzi. Kama ni jiwe kubwa, tafuta mashimo ya vibanzi vilivyotoka. Hapa kuwa makini: shimo moja halitoshi, hata mawili. Jiwe likidondoka kutoka juu ya mwamba likagonga lingine, linatoa kibanzi chenye nundu na viwimbi kabisa, fizikia ni ileile. Tofauti ni kwamba maporomoko hayana mpango. Mtu akitaka makali anapiga, anasogea kidogo, anapiga tena, anasogea, makovu yanapangana mstari kando ya ukingo mmoja, yamelaliana kama magamba ya samaki, na ukiangalia vizuri unaweza kusema hili lilitoka kwanza, hili likafuata kwasababu limekata la mwanzo. Alafu analigeuza anafanya upande wa pili. Ukiona makovu ya pande mbili yanakutana kwenye ukingo mmoja, na ukingo huo umenyooka badala ya kupinda pinda hovyo, tulia, hapo una kitu cha kuangaliwa na mtaalamu.

Pembe ya ukingo nayo inasema sana. Ili kibanzi kitoke kwa pigo la mkono, pale unapopiga panatakiwa pawe na pembe iliyo chini ya nyuzi 90, kama yule mama alivyosema, ukingo wa meza au mkali zaidi ya hapo. Mchongaji anajua hilo na analitafuta kila pigo. Mawe yanayovunjwa na mgandamizo wa udongo au kugongana mtoni yanavunjika kwa pembe za kila aina, nyingi butu. Huhitaji kipimo, chukua kona ya daftari, iweke kwenye ukingo wa jiwe uone kama ukingo unaingia ndani ya kona ile au unaizidi. Ukikuta kingo nyingi zinazidi, punguza matumaini.

Jingine ni ngozi ya jiwe. Jiwe lililokaa nje muda mrefu linapata ngozi, rangi inabadilika, kingo zinapoteza ukali kidogo. Makovu ya kale yanatakiwa yawe na ngozi inayofanana, maana yalipigwa siku moja. Ukikuta jiwe lina kovu moja limepauka na limelainika, lingine lina rangi ya kati, lingine jeupe kama limevunjwa jana, maana yake limevunjika nyakati tofauti tofauti na mara nyingi hiyo ni kazi ya maji au ya miaka mingi ya kukanyagwa. Ila kovu moja jipya juu ya jiwe lenye makovu ya kale sio sababu ya kulitupa, linaweza kuwa ni plau imeligusa. Na vibanzi vya kokoto vya barabarani utavijua hapohapo, vyote vina rangi mbichi, vimejaa sehemu moja na vumbi lake, na mara nyingi ni jiwe lililoletwa na lori.

Nizungumzie sasa wale wanaotuchongea mawe bila kuwa watu, maana kila sehemu ya nyanda zetu ina wake. Iringa ni jua na baridi. Panda pale Gangilonga uangalie lile jiwe kubwa na yanayolizunguka: itale inapata joto mchana, inapoa usiku, maji yanaingia kwenye nyufa, miaka inaenda, mwisho linajibandua kwa matabaka kama ganda la kitunguu. Hayo maganda yanadondoka chini yakiwa mapana, membamba, yamepinda, mtu akiyaona anasema shoka hilo. Angalia kama kuna sehemu ya pigo. Hakuna. Nundu hakuna, viwimbi hakuna, uso wake wa ndani una mkunjo uleule wa uso wa nje. Hilo ni ganda la mwamba tu.

Moto ndo mdanganyifu wa mashambani. Tunachoma mashamba, tunachoma mkaa, na mafiga ya jikoni yanapasuka kila siku. Jiwe lililopasuliwa na moto linarusha vipande vya duara kama kifuniko cha sufuria, linaacha kishimo kifupi cha mviringo katikati ya uso wa jiwe ambapo hakuna mtu angeweza kupiga, na mara nyingi linakuwa jekundu au la kijivu lenye nyufa ndogo ndogo zilizotambaa kama matope yaliyokauka. Pigo la mtu linaanzia ukingoni. Kipande kilichotoka katikati ya uso, bila kugusa ukingo, ni cha moto.

Mtoni mawe yanagongana na kujisugua, kwahiyo yanakuwa na vidonda vidogo vidogo vingi kwenye kila kona inayochomoza, alafu kingo zote zinakuwa mviringo. Ng'ombe nao wakipita njia moja kila siku wanakanyaga vibanzi vya asili na kuvimega ukingoni, vinaonekana kama vimenolewa, lakini mapengo yake yako hovyo, moja huku moja kule, mara upande wa juu mara wa chini, hayafuati mstari. Greda na trekta zinaacha mkwaruzo mrefu na wakati mwingine kutu ya chuma ndani ya mkwaruzo. Na ndugu zangu wa Rungwe, ule mlima ni volkano na Kyejo jirani yake ni volkano, mna mawe meusi yaliyojaa vitobo na mengine mepesi yanaelea kwenye ndoo ya maji. Vile vitobo ni vya gesi wakati jiwe likiwa bado uji wa moto, hakuna aliyevitoboa.

Usione aibu ukikosea katika hili. Huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wasomi wakubwa walibishana miaka mingi juu ya mawe waliyodhani ni zana za kale sana kupita zote, na mwisho ikaonekana mengi yalivunjwa na mgandamizo wa ardhi tu. Alafu mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba nyani wa Brazili wakigonga mawe kwa mawe wanatoa vibanzi vyenye kila alama niliyoitaja hapo juu, bila kukusudia na wala hawavitumii. Kwahiyo hata nundu na viwimbi peke yake vinakwambia jiwe limepigwa kwa nguvu sehemu moja, havikwambii nani kapiga na alitaka nini.

Ukitaka macho yako yajifunze haraka nenda Isimila. Ni kama kilomita 20 tu kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, mabasi mangapi yanapita pale na watu wamelala. Sehemu ile ilianza kujulikana mwaka 1951, ikachimbwa 1957 na 1958 na mtafiti wa mambo ya kale Clark Howell na wenzake, na vipimo vilivyofanywa baadaye viliweka umri wake kwenye miaka kama 260,000. Watu wengi wanaenda kwa ajili ya zile nguzo za udongo, wanapiga picha wanarudi. Mimi nawaomba mkifika mchutame pale mawe yalipo, mmwambie muongozaji awape muda. Angalia shoka la mkono moja tu kwa dakika tano nzima. Lina ncha mbele, nyuma limenenepa likae kwenye kiganja, na kuanzia ncha kwenda chini pande zote mbili kuna makovu yamepangana, kushoto na kulia yanalingana. Mengine yana urefu unaopita sentimita 30, hayashikiki kirahisi, na bado wameyasawazisha pande mbili kwa uangalifu uleule. Hapo ndo umbo linapopata maana, kwasababu umeshaona makovu yaliyolitengeneza. Maji yanaweza kutoa jiwe moja lenye ncha, hayawezi kukutolea mamia yenye mpango mmoja sehemu moja.

Na hiyo inanileta kwenye majirani wa jiwe lako. Ukiokota jiwe moja la kutia shaka, weka alama pale ulipoliona, alafu tembea polepole kuzunguka, hatua kumi kila upande, macho chini. Mtu akichonga anaacha takataka nyingi kuliko zana, kama fundi seremala na maranda yake. Kama kuna vibanzi vingine vya mwamba uleule, vikubwa na vidogo, na jiwe mama lenye mashimo, basi hata kama lile la kwanza halikuwa zuri umepata sehemu. Angalia pia jiwe limetokana na nini. Kama eneo zima ni itale na udongo mwekundu, alafu wewe unaokota vipande vya mwamba mweusi mgumu ambao haupo popote karibu, na wala mto haujapita hapo, jiulize uliletwa na nani.

Kuna kundi moja la zana ambalo karibu kila mtu analipita bila kuliona, na linaniuma. Watu wanatafuta mashoka makubwa tu. Lakini watu walioishi huku baadaye, wa mwisho wa Zama za Mawe, walitengeneza vitu vidogo, vingine sawa na kucha ya kidole, vya kupachikwa kwenye mpini wa mti, na walipenda sana kwatzi, yale mawe meupe kama barafu ambayo wachimbaji wa Chunya wanayafuata kwa ajili ya dhahabu. Kwenye mapango ya Magubike na Mlambalasi hapa Iringa, ambako mtafiti wa mambo ya kale Pamela Willoughby na wenzake wamefanya kazi miaka mingi, kwatzi ipo kwa wingi. Mlambalasi ndo palepale alipofia Mkwawa mwaka 1898, watu wanaenda kwenye kaburi hawajui kwamba mwamba wa jirani ulikaliwa na watu maelfu ya miaka kabla yake.

Kwatzi ni ngumu kusoma. Ina nyufa zake za ndani, ukiipiga inapasuka hovyo, nundu mara nyingi haionekani, viwimbi ndo kabisa. Na walikuwa na namna yao, wanaweka kipande juu ya jiwe lingine wanakipiga kutoka juu, kama unavyovunja karanga ngumu. Kwahiyo angalia ncha mbili zinazotazamana: kama zote mbili zimesagika na vibanzi vidogo vimetoka kuanzia juu na kuanzia chini, ni dalili nzuri. Nyingine ni kipande kidogo ambacho upande mmoja ni mkali na upande wa pili umemegwamegwa kwa makusudi uwe butu, sawasawa na mgongo wa kisu. Upande ule butu ndo uliokuwa unaingia kwenye mpini. Ukikutana na kibanzi kimoja tu cha kwatzi njiani, kiache, huwezi kujua. Ukikuta vingi chini ya mwamba wenye kivuli, pale ambapo hata leo mchungaji angekaa mvua ikinyesha, hilo ni jambo lingine.

Umri usijaribu kuukisia kwa kuangalia jiwe. Naulizwa kila mara "hili lina miaka mingapi", na jibu ni kwamba jiwe lenyewe halisemi lilichongwa lini, kinachosema ni udongo lililolalia, mifupa na mkaa uliokuwa nao, majivu ya volkano juu na chini yake. Kule maporomoko ya Kalambo, mpakani kwetu na Zambia, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kupachikana yana miaka kama 476,000, na yalikuwa na alama za zana za mawe juu ya mti. Walijua hivyo kwasababu vitu vilikutwa mahali pake, kwenye mchanga wake. Mtu angeokota lile gogo akaenda kupikia, au jiwe akaliweka kabatini sebuleni, kwisha habari.

Ndo maana nasema kwa kila ninayemuelekeza, ukishaliona usilibebe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Weka kalamu au sarafu ya shilingi mia mbili pembeni ya jiwe ili ukubwa ujulikane, piga picha uso mmoja, uso wa pili, na ukingo, alafu piga moja ukiwa umesimama mbali ionyeshe korongo au mti wa jirani. Washa lokesheni ya simu uandike namba zake. Rudisha jiwe lilivyokuwa limelala, upande uleule juu. Baada ya hapo mwambie mtendaji wa kijiji, na upeleke taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya au makumbusho ya karibu, kwa Iringa kuna Boma pale mjini. Niliwahi kukaa na jiwe zuri sana, la pande mbili, makali yamenyooka, nililipewa kwenye mfuko wa rambo na kijana aliyelitoa kwa mtu mwingine, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema limetoka wilaya gani. Mpaka leo nalitazama kwa huzuni, kila kovu lipo, na halina la kutufundisha kuhusu aliyelichonga.

Ukitaka kujaribu kuchonga mwenyewe, na nashauri ujaribu maana mkono unaelewa kuliko macho, vaa miwani ya kukinga macho, suruali ndefu, tandika turubai ukusanye vibanzi vyote, na ufanyie nyumbani. Usifanyie korongoni wala chini ya mwamba wenye zana, vibanzi vyako vitachanganyika na vyao na atakayekuja baada yako atahangaika. Chagua mwamba mgumu wenye chembe ndogo, tafuta ukingo kama wa meza, piga kwa ndani kidogo.

Na lile jiwe ambalo umelipitisha kwenye yote haya na bado huna uhakika, liache palepale na picha zake unazo. Mvua za mwaka huu zikipita rudi uangalie kingo za korongo, pembeni yake kutakuwa kumetokeza nini.